Mpwa wangu ana III.14, shule wanasema chuo kikuu asahau. Nani hasa anawasaidia watoto wa Mtwara na Lindi kutafuta chuo?

#1 Mjomba_Shangani
Wakuu, salaam. Mpwa wangu kamaliza kidato cha sita mwaka huu, tahasusi ya HGK. Kiswahili C, Historia E, Jiografia S. Jumla III.14, yaani divisheni ya tatu, pointi 14. Mwalimu kamwambia kwa pointi hizo chuo kikuu asahau, aombe diploma au arudie mtihani. Rafiki yake waliyekaa dawati moja naye ana III.14 (D, E, E), kaambiwa vilevile.

Juzi nimewakuta barazani wamejikunyata kwenye simu moja yenye kioo kilichopasuka, wanaorodhesha vyuo kwenye daftari. Nikachukua daftari. Majina kumi na kitu, hakuna kozi hata moja iliyoandikwa. Nikauliza, mmechaguaje? Wakaniambia hivi ndivyo vyuo ambavyo dada zao wa kidato cha sita cha mwaka jana walikwenda.

Nauliza mawili. Hawa watoto wafanye nini sasa hivi? Na kwa nini huku kwetu mtoto anasoma miaka sita ya sekondari bila mtu mzima yeyote kukaa naye akamwonyesha chuo kinatafutwaje? Mimi nawalaumu walimu. Karibuni.

#2 Kangomba_Mstaafu
Nimetandika mkeka. Ming'oko iko jikoni, endeleeni.

#3 Taaluma_Newala
Mjomba, kabla hujatulaumu, chukua kalamu.

Kuna pointi za aina mbili na kila mwaka zinachanganywa. Za NECTA (baraza la mitihani) za kupangia divisheni ni A=1, B=2, C=3, D=4, E=5, S=6, F=7. Hapo ndogo ndiyo nzuri. Za kuingilia chuo kikuu, zile za TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), zimegeuzwa: A=5, B=4, C=3, D=2, E=1. S si prinsipo, kwa hiyo hapa haihesabiwi. Kigezo cha chini kwa aliyetoka kidato cha sita ni prinsipo mbili (masomo mawili yenye A hadi E) zenye jumla ya 4.0.

Mpwa wako ana C na E: 3+1=4. Kagusa mstari. Rafiki yake ana D, E, E, lakini zinachukuliwa mbili tu: 2+1=3. Hajagusa. Divisheni moja, pointi zilezile za NECTA, mmoja ana sifa ya kuomba digrii na mwenzake hana. Kwa hiyo aliyewaambia alikuwa sahihi kwa mmoja.

#4 Chipukizi_Ligula
Duh. Mimi nilimaliza 2021 na hili nalisikia leo. Kuna mshikaji wangu alikuwa na C, E, S kama huyo binti, akaenda kuendesha bodaboda.

#5 Mwera_Asilia
Basi asichelewe, aombe TCU leo leo. Dirisha likifungwa ndiyo imetoka.

#6 Binti_Nyangao
Kaka Mwera, TCU haipokei maombi ya mwanafunzi siku hizi. Walikuwa wanapokea kwa mfumo wao wa pamoja tangu 2010, lakini kuanzia 2017 kila mtu anaomba moja kwa moja kwenye tovuti ya chuo. TCU inapanga awamu na kusimamia vigezo. Ukichaguliwa vyuo viwili au zaidi unaletewa namba ya siri kwenye simu, unathibitisha kimoja.

Mjomba, nakuongezea jambo kabla hamjafurahi sana. 4.0 ni kizingiti cha jumla tu. Kila kozi ina masharti yake, na prinsipo zako mbili lazima ziwe kwenye masomo ambayo kozi hiyo inayataka. Kiswahili na Historia vinafundishika shuleni, kwa hiyo milango ya ualimu wa sanaa ipo. Akitaka uchumi, hapo hana cha kusimamia.

Kuna kitabu cha mwongozo cha TCU, kinapakuliwa bure. Kila kozi ina mstari wake: masharti, pointi za chini za chuo husika, miaka ya masomo, na safu moja ambayo watoto wanairuka, idadi ya nafasi. Mwenye pointi nne kamili asiombe kozi yenye nafasi chache chuo ambacho nchi nzima inakikimbilia. Aangalie yenye nafasi nyingi. Mimi nilipita kwa njia hiyo, na bado nilipata awamu ya pili.

#7 Mwera_Asilia
Sawa dada, lakini hao waliopanga awamu si ndio TCU? Basi maneno yangu yamesimama.

#8 Kangomba_Mstaafu
Mmwera akishikwa anakwambia alikuwa anapita tu.

#9 Stesheneri_Bima
Naomba niseme kama mtu ninayewahudumia hawa watoto. Nina kompyuta mbili na printa. Julai hadi Septemba hapa kwangu foleni inafika barabarani.

Mtoto anakuja, "naomba unijazie chuo." Kipi? "Chochote kizuri." Barua pepe hana, namfungulia. Simu hana, au laini imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Kwa baadhi ya wenzangu kwenye hii kazi, wanaweka namba zao wenyewe ili mambo yaishe haraka. Sasa ile namba ya kuthibitisha ikitumwa inaingia kwenye simu ya mwenye stesheneri ambaye ana watoto mia na hakumbuki nani ni nani. Muda unapita, nafasi inaondoka. Mwaka jana nilimpokea binti wa Tandahimba aliyekuwa amechaguliwa chuo kizuri tu, hakujua mpaka awamu ilipofungwa. Aliyemjazia kahama mji.

Mzazi, hata kama una kitochi, weka namba yako. Na nywila aiandike mtoto mwenyewe kwenye daftari lake.

#10 Mjomba_Shangani
Nimewasoma wote, ahsanteni. Mwalimu wa Newala, hesabu nimeirudia mara mbili na ni kweli. Lakini umenijibu swali la kwanza tu. Sasa kama wewe unazijua pointi, mwenzako wa shule ya mpwa wangu kwa nini hazijui?

#11 Taaluma_Newala
Kwa sababu hakuna aliyeajiriwa kuzijua, mjomba. Shule ina mwalimu wa ushauri nasaha kwa jina. Huyohuyo anafundisha Hesabu mikondo minne, ni mlezi wa bweni, na mtoto akiugua usiku ndiye anatafuta pikipiki. Ushauri nasaha kwetu maana yake ni mimba, utoro na vijana wanaovuta bangi nyuma ya choo. Vyuo havimo.

Halafu tazama kalenda. Kidato cha sita wanafanya mtihani Mei, wanaondoka. Matokeo yanatoka Julai, hawapo shuleni. Wengine wako JKT. Ule wakati hasa mtoto anapohitaji mtu wa kukaa naye, si mwanafunzi wangu tena. Shule imemfungia geti kwa heshima.

#12 Mama_Kilwa_Masoko
Hiyo ya JKT ni kweli kabisa. Kijana wangu alikuwa kambini, mimi na dada yake ndio tukamjazia. Tulimwekea ualimu kwa sababu ndiyo kazi tunayoifahamu. Kurudi akanuna wiki nzima, alitaka mambo ya ardhi. Sasa hivi anafundisha na hajawahi kunisamehe, kila akija likizo ananitania "mama umeniajiri."

#13 Kangomba_Mstaafu
Naacha utani kidogo. Nyote mnazunguka. Tatizo ni korosho.

Hebu hesabuni. Julai na Agosti mkulima yuko shambani anapulizia salfa. Ndiyo miezi ambayo hela inatoka haiingii. Hapohapo mtoto anakuja: maombi ya chuo elfu kumi, chuo cha pili elfu kumi tena, maombi ya mkopo bodi 30,000, kuhakiki cheti cha kuzaliwa RITA, wakili, kuchapa, kuskani. Baba anamwambia chagua kimoja tu, na usikikose. Mnada wa kwanza wa korosho ni Oktoba, na malipo mpaka yapite chama cha msingi. Vyuo vinafungua Oktoba, Novemba. Mtoto wa Moshi au Bukoba baba yake ana shida zake, lakini hii yetu ya msimu mmoja wa hela kwa mwaka inaua maombi kabla hayajaandikwa. Nimenunua korosho miaka mingi, najua nani alikuwa anakuja kuuza kwa kangomba, yaani kwa magendo nje ya mnada, Agosti, bei ya kutupa. Wengi walikuwa na barua ya shule mfukoni.

#14 Chipukizi_Ligula
Kumbe mzee una akili 😂 Na wewe ndiye uliyekuwa unawapunja!

#15 Kangomba_Mstaafu
Nimestaafu. Soma jina.

#16 Likongo_Gesi_Tupu
Mimi nina maelezo mengine na hayatawafurahisha. Kusini hapa tulipotoshwa na gesi.

Nilikuwa kidato cha tatu wakati wa vurugu za Mtwara za 2013. Kila mkutano, kila hotuba: someni gesi, someni mafuta, ajira zinakuja. Bomba la kwenda Dar likazinduliwa 2015. Darasa letu zima la PCM tulijaza kozi za petroli, tukapishana kwenye mlango mmoja. Nina digrii yangu. Mradi wa kusindika gesi hapa Likong'o tunausubiri mpaka leo. Nafanya kazi ya kupima viwanja.

Kwa hiyo tatizo si kwamba watoto hawakushauriwa. Sisi tulishauriwa mno, na watu wote, kitu kimoja.

#17 Fundi_Msijute
Bwana Likong'o, pole, lakini gesi ilileta ajira. Iliwaletea wengine. Mitambo ya Madimba ina watu, kiwanda cha saruji hapa Msijute kina watu, bandari ina watu. Mimi nilisoma umeme VETA Mtwara baada ya kidato cha nne, divisheni four, nyumbani walinificha wageni wakija. Nikaingia kiwandani kama kibarua, leo nasimamia zamu. Nyinyi mlisikia "gesi" mkakimbilia digrii yenye jina la gesi. Kiwanda kikiharibika saa nane usiku wanamtafuta mtu wa kuchomelea na mtu wa umeme.

#18 Likongo_Gesi_Tupu
Wewe ulibahatika, bwana fundi. Darasa lenu la VETA wote wako kiwandani?

#19 Fundi_Msijute
Sijasema wote. Wengine wana karakana zao Chikongola, wengine wako Msumbiji, mmoja anauza chipsi. Lakini hakuna anayedaiwa na bodi asilimia 15 ya mshahara ambao hana.

#20 Binti_Nyangao
Asiye na mshahara hakatwi, kaka fundi. Ile 15 inakatwa kwenye mshahara wa aliyeajiriwa.

#21 Mzee_wa_Lupaso
Salaam vijana. Mnanisikitisha. Mkapa alitoka hapa Lupaso kwetu, akapita Ndanda, Kigonsera, Pugu, akafika Makerere na kumaliza 1962. Hakukuwa na intaneti wala stesheneri. Mtoto mwenye nia anafika.

#22 Taaluma_Newala
Shikamoo mzee. Naheshimu sana, lakini wakati wa Mkapa hakukuwa na cha kuchagua. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenyewe kilianza 1961, kikiwa na kitivo cha sheria tu. Ukifaulu Pugu unaelekezwa njia na wanaokufundisha, maana wanafunzi wenyewe mlikuwa wachache na kila mmoja anajulikana kwa jina. Leo mtoto anafungua kitabu cha TCU anakutana na mamia ya kozi. Nia anayo. Anachokosa ni mtu wa kumwambia ukurasa upi.

#23 Mzee_wa_Lupaso
Marahaba mwalimu. Na barabara je? Hamjaitaja. Kabla ya daraja la Rufiji kufunguliwa 2003, masika ikinyesha huku kulikuwa kisiwa. Watoto wengi walioitwa vyuoni walikwama njiani. Wakati ule ndio ulioturudisha nyuma, na wazazi wa leo ni watoto wa wakati ule. Hawakwenda, hawawezi kuelekeza.

#24 Mama_Kilwa_Masoko
Hapo mzee umegusa. Mimi sikuwahi kuingia geti la chuo mpaka mahafali ya mwanangu. Ningemshauri nini?

#25 Mjomba_Shangani
Nirudi kwa rafiki wa mpwa wangu, yule wa D, E, E. Huyu ndiye ananitia mashaka zaidi, ni yatima wa baba, anaishi na bibi. Aelekee wapi?

#26 Binti_Nyangao
Njia ziko tatu, mjomba, wala hazimlazimu kuhama kanda.

Diploma kwanza. Akimaliza na GPA ya 3.0 au zaidi anaruhusiwa kuomba digrii, kwa hiyo diploma isihesabiwe adhabu. TIA (Taasisi ya Uhasibu) wana kampasi Mtwara, uhasibu, ununuzi na ugavi. Kuna vyuo vya ualimu, Kitangali na Mtwara. Kozi nyingi za ngazi hizi zinaangalia cheti cha kidato cha nne, kwa hiyo mwulize alipata nini huko. Watu wanasahau kabisa kile cheti.

Ya pili, Chuo Kikuu Huria wana vituo Mtwara na Lindi, na wana programu ya msingi kwa waliokosa pointi. Inataka nidhamu ya kusoma peke yako, na bibi asimtume kisimani kila saa.

Ya tatu, afya, kama kidato cha nne alifaulu Kemia, Biolojia na Fizikia. Ndanda, Nyangao, Masasi, Mtwara vyuo vipo. Maombi ya afya yanapitia mfumo wa pamoja wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati.

Halafu kwa kuwa amefiwa na baba: cheti cha kifo kihakikiwe RITA mapema, pamoja na cha kuzaliwa. Kwenye mkopo yatima anatazamwa kwa jicho lake, lakini bila karatasi bodi haimjui. Na tangu 2023/24 hata baadhi ya kozi za diploma za vipaumbele zinakopeshwa, afya ikiwemo.

#27 Stesheneri_Bima
Dada Nyangao, ongeza hili la majina. Huku kwetu ndilo linalowakwamisha wengi. Cheti cha shule kinasema Somoe Hamisi Chande, cha kuzaliwa kinasema Somoe Hamisi Nnunduma kwa sababu babu aliandikisha ukoo mwingine, cha kifo cha baba kinasema Hamis bila i. Mfumo unaona watu watatu. Kurekebisha kunataka kiapo na muda. Mtu akija kwangu siku mbili kabla ya dirisha kufungwa, namwonea huruma tu.

#28 Mwera_Asilia
Na cheti cha kuzaliwa chenyewe wengi hawana. Wana kadi ya kliniki iliyoliwa na panya.

#29 Chipukizi_Ligula
Kuna jamaa mjini anawapeleka watoto vyuo vya nje, anasema mkopo uko hukohuko. Vipi hao?

#30 Taaluma_Newala
Kabla ya kutoa hata mia, tafuta jina la chuo kwenye orodha ya TCU au NACTVET. Kama ni cha nje, waulize TCU kama shahada yake inatambulika hapa. Na anayetaka ada ipitie kwenye namba yake ya simu, kimbia.

#31 Mama_Kilwa_Masoko
Samahani nikiingiza langu. Mdogo wake yule kijana wangu yuko kidato cha nne, anataka famasia. Kwenye selform, ile fomu ya kuchagua tahasusi, shuleni wote wamejazishwa HGE na HGL, za sanaa tupu, kwa sababu hakuna mwalimu wa Fizikia. Itakuwaje?

#32 Taaluma_Newala
Selform inafunguliwa tena mtandaoni baada ya matokeo ya kidato cha nne, anaruhusiwa kubadili tahasusi na vyuo kulingana na alama alizopata. Tahasusi zenyewe zilipanuliwa 2024 hadi 65, kwa hiyo asifikiri ni PCB au basi. Ila mama, aliyekosa mwalimu wa Fizikia miaka minne akapata F, hakuna mfumo wa kumsaidia. Mtafutieni mtu wa kumfundisha sasa, kabla ya Novemba. Hata mwanafunzi wa chuo aliye likizo anatosha.

#33 Kangomba_Mstaafu
Mwalimu sasa umekiri mwenyewe kwamba tatizo ni walimu 😂

#34 Taaluma_Newala
Nimesema tatizo ni walimu wasiokuwepo. Soma vizuri, mstaafu.

#35 Likongo_Gesi_Tupu
Bado mnamshauri kila mtoto ualimu na afya kwa sababu ndivyo vyuo vilivyo karibu. Kesho watajaa hao kama tulivyojaa sisi. Walimu wangapi wamemaliza na wako mtaani wanasubiri usaili?

#36 Binti_Nyangao
Wengi. Lakini mwenye pointi nne za Kiswahili na Historia unamshauri nini, bwana? Taja.

#37 Fundi_Msijute
VETA.

#38 Binti_Nyangao
Binti ana sifa ya digrii unampeleka VETA?

#39 Fundi_Msijute
Nimeulizwa nimetaja.

#40 Mjomba_Shangani
Taarifa, wakuu. Jana tumekaa na kitabu cha TCU, wamechagua vyuo vitatu kwa mpwa, kimoja ni Stella Maris hapahapa Mtwara. Tumeanza na safu ya nafasi kama dada alivyosema. Mama yake anataka asome karibu alale nyumbani, mimi nataka atoke aone dunia. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno, lakini dada yangu naye si wa kuchezea.

Yule mwenzake ana kidato cha nne: Biolojia C, Kemia D, Fizikia F, Jiografia C, Kiswahili B. Kasikia FETA, wakala wa mafunzo ya uvuvi, wana kampasi Mikindani, mambo ya uvuvi na ufugaji wa samaki, anauliza Fizikia inamzuia? Bibi anasema mtoto wa kike haendi baharini.

#41 Mwera_Asilia
Bibi anakula samaki wa nani?

#42 Stesheneri_Bima
Fizikia si kila kozi inaitaka, masharti yako kwenye mwongozo wa NACTVET, kila kozi na masomo yake. Mlete kesho asubuhi kabla foleni haijajaa, tusome pamoja. Aje na vyeti vyote na simu yenye laini ya jina lake.

#43 Mjomba_Shangani
Laini ni ya bibi.

#44 Stesheneri_Bima
Basi aje na bibi.